MOSHI NYUMA YA KITI
Habari ya Datsun ya zamani na bomba lake jipya, pale Ubungo

Mpenzi msomaji, ukiwa mkazi wa Ubungo huna haja ya kuambiwa moshi ni kitu gani. Barabara tatu kubwa hukutana pale, yaani ya Morogoro, ya Nelson Mandela na ya Sam Nujoma. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 tunayo madaraja ya Kijazi yanayopitisha magari juu kwa juu, na mabasi ya mikoani yamehamia Mbezi Luis. Walakini simama upande wa Shekilango saa moja ya asubuhi, kisha rudi nyumbani uitazame kola ya shati lako. Tumekwisha kuzoea, wala hatusemi neno.

Leo nataka kukueleza habari ya moshi wa motokaa moja tu, tena motokaa ya fahari, na jinsi ulivyokaribia kumwondoa mtoto duniani. Labda utasema, “Hayo yanihusu nini mimi? Sina motokaa, na kama ningekuwa nayo isingekuwa ya fahari.” Ngoja kidogo. Je, hupandi teksi? Hujapata kupakiwa katika gari la shemeji yako kwenda arusini, watoto wamejazwa nyuma pamoja na masufuria? Basi yakuhusu.

Jirani yangu ni mzee mstaafu. Jina lake nitaliacha, maana ndivyo alivyoniomba, nasi tutamwita Mzee. Anayo Datsun 240Z nyekundu ya mwaka 1972, aliyoinunua zamani sana hapa hapa mjini, wakati watu walipoziona gari za namna hiyo kuwa vyuma chakavu vya kuuzwa kwa kilo. Mkewe husema kwamba gari lile limekula matofali ya vyumba viwili. Mzee hajibu; huchukua kitambaa akaenda kulifuta vumbi.

Kwa vijana wasioijua, niseme kidogo. Datsun 240Z ni gari la michezo lililotengenezwa Japani na kampuni ya Nissan, likatoka mwishoni mwa mwaka 1969. Boneti yake ni ndefu, mgongo umeteremka kama wa samaki, na viti ni viwili tu. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita 2393, na hulishwa petroli na kabureta mbili. Ukoo wake, pamoja na 260Z na 280Z zilizofuata, uliuzwa zaidi ya magari 500,000, na mengi mno yalikwenda Marekani. Sisi wa Afrika Mashariki tulilijua kwa sababu nyingine. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuendeshwa wakati wa Pasaka kwa miaka mingi, yalikuwa yakipita katika vumbi na matope ya nchi zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na ya pili ilikuwa 240Z vile vile, ya Shekhar Mehta. Mwaka 1972 mashindano yalianzia hapa Dar es Salaam, na Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakachukua ushindi kwa Ford Escort, wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo. Mwaka 1973 Mehta alishinda na mwenziwe Lofty Drews, tena kwa 240Z, baada ya kulingana alama na Harry Källström. Huyo Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa Waasia waliolazimika kuondoka Idi Amin alipowafukuza. Alishinda Safari mara tano kwa jumla, akafariki mwaka 2006.

Basi Mzee alikuwa kijana siku hizo, na neno “Zedi” limemkaa moyoni mpaka leo. Hatumlaumu. Kila mtu ana udhaifu wake, na huu wake haunywewi wala hauchezwi kamari.

SAFARI YA KIBAHA

Siku ya Jumamosi, Mzee aliwachukua wajukuu wawili, wa miaka 9 na wa miaka 6, kwenda kumsalimu shangazi yao huko Kibaha, yapata kilomita 30 kutoka Ubungo. Nimekwisha kukuambia kwamba gari lile lina viti viwili. Yule mkubwa aliketi mbele. Yule mdogo alilala nyuma ya viti juu ya godoro dogo, pale mahali pa kuwekea mizigo, chini ya kile kioo kikubwa cha mlango wa nyuma. Ilikuwa siku ya jua kali, vioo vya milango wakaviteremsha nusu. Kimara palikuwa na foleni, na Mbezi pia. Wakaenda polepole karibu saa mbili.

Walipofika, yule mkubwa alisema kichwa kinamgonga. Yule mdogo alikuwa amelala. Shangazi akamwita, akamtikisa, akamwinua, shingo ikalegea. Akafumbua macho kidogo, akatapika, akafumba tena. Bila shaka hata wewe ungesema ni malaria. Wao nao walisema hivyo, wakakimbilia hospitali kwa gari la jirani.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mtu mzima. Alipopima malaria akakuta hakuna, hakuridhika. Akamwuliza yule mkubwa, “Nawe waumwa kichwa tangu lini?” Akajibu, “Tangu garini.” Akamgeukia Mzee: “Na wewe Babu?” Mzee akakiri kwamba naye kichwa kilikuwa kizito, ila alidhani ni jua. Yule mama akauliza, “Gari lako ni la namna gani, na mtoto alikaa wapi?” Alipoambiwa, hakungoja. Alimwita daktari, mtoto akawekwa hewa ya oksijeni puani na mdomoni. Kabla ya magharibi alikuwa ameketi, anadai soda.

Sasa sikiliza kilichomo katika moshi ule, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Petroli isipoungua sawasawa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ile harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyofuatana nayo. Gesi hii ikiingia mapafuni hushikamana na damu yetu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikazunguka mwilini bila kubeba kile inachotakiwa kubeba. Mtu huanza na kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Akilala ndani ya gari lile lile, huenda asiamke. Ukimtoa kwenye hewa safi, damu hujisafisha taratibu, lakini kupunguza nusu tu ya sumu huchukua yapata saa nne au tano. Kwa oksijeni ya hospitali kazi hiyo huwa ya haraka zaidi. Tena kile kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni chaweza kuonyesha namba nzuri kabisa wakati mtu anakufa, kwa kuwa hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii. Kwa hiyo ukifika hospitali sema wazi: “Tulikuwa ndani ya gari linalovuja moshi.” Maneno hayo machache yanafaa kuliko kipimo.

Magari ya siku hizi yana kile chombo chini ambacho mafundi wetu hukiita masega, kinachogeuza sehemu kubwa ya sumu hii kabla haijatoka. Gari la kabureta la mwaka 1972 halikuzaliwa na masega. Lote litokalo katika injini hutoka kama lilivyo. Huko Uingereza, magari yaliyoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 huruhusiwa kutoa kaboni monoksaidi mpaka asilimia 4.5 ya moshi wakati wa ukaguzi, na ya zamani kuliko hayo moshi wake hutazamwa kwa macho tu. Ndiyo maana bomba la gari kama hilo shurti liwe zima kutoka mwanzo hadi mwisho.

TUNATAZAMA CHINI

Jumatatu Mzee alinijia. Alikuwa amekonda kwa siku mbili. Akasema, “Njoo tulitazame.” Nilikwenda, ijapokuwa ujuzi wangu wa magari si mkubwa; najua kushika taa na kukaa kimya.

Tulilipandisha kwa jeki, tukaweka vigogo viwili vya mwembe chini ya fremu. Nakuomba, msomaji, usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama fundi wako hucheka. Tulipolala chini tuliona mambo matatu. Kwanza, bomba la kati lilikuwa limetoboka upande wa juu, mahali pasipoonekana ukiinama tu, na kutu yake ilibanduka kwa kucha. Pili, sailensa ya nyuma ilikuwa na kiraka, na juu ya kiraka kiraka kingine, navyo vyote vimeacha nafasi. Tatu, pale juu mbele, ambapo bomba huungana na ile manifodi, yaani chuma kizito kinachokusanya moshi wa silinda zote sita, palikuwa na masizi meusi yaliyotapakaa kama mkono wa mpishi. Masizi nje ya kiungo ni ushahidi. Moshi umepita hapo.

Kwa nini bomba la chuma hutoboka? Wengi hulaumu maji ya barabarani na hewa ya chumvi ya pwani, na hayo ni kweli. Lakini adui mwingine yumo ndani. Petroli ikiungua hutoa maji pamoja na moshi. Safari ikiwa ndefu bomba hupata moto na maji huruka kama mvuke. Safari ikiwa fupi, kama ya kwenda sokoni Manzese na kurudi, maji hubaki ndani ya sailensa, yakichanganyika na tindikali ya moshi, na usiku kucha yanakula chuma. Gari la Mzee lilikuwa la Jumapili tu. Alidhani analitunza kwa kutolitembeza. Ongeza na matuta ya mitaani kwetu, ambayo kila moja hulikwaruza tumbo gari lililo chini namna ile.

Jambo jingine lilinishangaza. Moshi ulitoka chini na nyuma, uliingiaje ndani? Fundi alitueleza baadaye. Gari lenye mgongo ulioteremka likienda, hewa nyuma yake huzunguka na kurudi mbele, ikivuta moshi na kuubandika kwenye mlango wa nyuma. Kama mpira wa mlango ule umekauka, moshi huingia. Ukifungua vioo vya pembeni ukidhani unaleta hewa safi, hewa ya ndani hunyonywa kutokea vioo hivyo, na nafasi yake hujazwa kutokea nyuma. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwa wenye 240Z duniani kote. Kumbe ile nusu ya kioo waliyoiteremsha kwa ajili ya joto ndiyo iliyokuwa ikimvutia mtoto sumu.

MAFUNDI WAWILI

Fundi wa kwanza tuliyemwendea, sitasema wapi, alitazama kwa dakika mbili akasema, “Mzee, shikamoo. Hii ni kazi ya saa moja. Nakubandika bati hapa na hapa, unaondoka.” Tena akaongeza kwamba akitaka mlio mzuri atampasulia sailensa atoe matumbo yake, gari lingurume kama la mashindano. Bei yake ilikuwa ndogo. Nilimwona Mzee akishawishika kidogo, si kwa bati, bali kwa mngurumo. Nikakohoa.

Niseme neno langu hapa kuhusu mngurumo. Vijana wetu siku hizi hukata sailensa za magari na pikipiki, wakapita saa sita ya usiku karibu na wagonjwa na watoto wachanga, wakidhani kelele ni nguvu. Injini haipati nguvu kwa sababu ya kelele. Hupata nguvu moshi ukitoka bila kizuizi na kwa mpangilio, na sailensa iliyotengenezwa vizuri hufanya hivyo kimya.

Fundi wa pili tulimpata kibandani si mbali na barabara ya Mandela. Alikuwa kijana wa miaka kama 30, ana miwani ya kuchomelea shingoni. Hakutaja bei kwanza. Alimwuliza Mzee, “Shikamoo baba. Gari hili lilipata nini?” Mzee akamweleza habari ya mtoto. Yule kijana akanyamaza kidogo, akasema, “Basi viraka hapana. Tunavua yote, toka kwenye injini mpaka mkiani. Na mpira wa mlango wa nyuma utafute leo.”

Vipuri vilikuwa kazi yake. Gerezani, Kariakoo, unaweza kupata karibu kila kitu cha Toyota, lakini ukitaja 240Z wauzaji wazee hutabasamu na vijana hukuuliza kama ni namba ya simu. Kwa kuwa magari mengi ya ukoo huo yapo Marekani, vipuri vyake bado vinatengenezwa huko mpaka leo. Mzee aliagiza gasketi, mpira wa mlango na raba za kuning'inizia bomba kupitia mwana wa ndugu yake. Hapa ukumbuke jambo ukipata kuagiza: taja injini yako na kichwa chake cha silinda, siyo jina la gari tu. Vichwa vya kwanza vina matundu ya moshi ya mraba, na baadhi vya magari ya baadaye ya 280ZX vina ya mviringo. Ukileta manifodi ya mviringo juu ya tundu la mraba, umepoteza nauli ya meli. Usukani wetu wa kulia hauleti shida, bali ni nafuu, maana manifodi iko upande wa kushoto wa injini na mtaimbo wa usukani hauisumbui.

KAZI YENYEWE

Vipuri vilipofika tulirudi kwa yule kijana. Kwanza alifungua waya wa betri. Nilimwuliza sababu, akasema umeme wa kuchomelea waweza kuunguza altaneta. Kisha alizifungua kabureta zote mbili akaziweka mbali, juu ya benchi, zikiwa zimemwagwa petroli. Katika injini hii kabureta zimekaa juu kabisa ya manifodi ya moshi, na nati za manifodi hazitoki bila moto. Fundi anayewasha moto pale na kabureta zimejaa anatafuta jeneza. Tangi la petroli nalo liko nyuma, jirani wa sailensa. Kwa hiyo mapande yote ya bomba aliyachomelea chini, nje, mbali na gari. Ndani ya gari alifunga kwa klampu na boliti tu. Alipotaka kupima aliyashikiza kwa nukta ndogo ndogo mezani, akayapandisha kujaribu, akayashusha tena. Alipandisha na kushusha mara tano. Mzee aliniambia kwa sauti ndogo, “Huyu ana subira ya mvuvi.”

Usiku uliotangulia alikuwa amezipaka nati zote mafuta mepesi ya kulegeza kutu. Hata hivyo boliti moja ya mwisho, ya silinda ya sita, ilikatikia ndani ya kichwa. Alisema ndiyo desturi yake: chuma cha manifodi hupanuka kwa moto na kunywea kila siku, na boliti za mwishoni ndizo huvutwa zaidi. Hakuipiga kwa nyundo. Alichomelea nati juu ya kisiki kilichobaki, akangoja ipoe, akaizungusha polepole mbele na nyuma. Ikatoka. Ilimchukua karibu saa mbili, nasi tulikuwa tumekwisha kunywa chai mara mbili.

Kisha akaweka rula ya chuma juu ya uso wa manifodi, akamulika taa nyuma yake. Mwanga ulipita katikati. Manifodi ilikuwa imepinda. Hapo ungeweza kuweka gasketi mpya ya bei yoyote na bado ikavuja baada ya mwezi. Ilipelekwa karakana ya kuchonga vyuma, ikasawazishwa pamoja na manifodi ya kabureta, zikiwa zimeshikana kama zinavyokaa kwenye injini. Sababu ni hii, na ni jambo dogo ambalo mafundi wengi hulisahau: katika 240Z gasketi moja huhudumia manifodi zote mbili, na baadhi ya boliti hukandamiza zote mbili kwa waosha mmoja mnene uliokalia ukingo wa hii na wa ile. Ukingo mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, waosha hukaa upande. Manifodi moja hukazwa na nyingine huachwa. Injini hunyonya hewa huku ikitema moshi, na wewe watafuta ubaya kwenye plagi.

Alipofunga, alianza kukaza boliti za katikati, akaenda nje huku na huku, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu. Nati za kiungo cha bomba la mbele aliweka za shaba, kwa kuwa hazigandi kwa kutu na mtu atakayezifungua miaka kumi baadaye atamshukuru.

Kuhusu mabomba yenyewe, alikuwa na chuma cha aina mbili kibandani. Mzee aliona kipande cha bomba la maji, jeupe na imara, akauliza mbona asitumie lile. Kijana akakataa. Bomba la maji limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku ule ule. Akasema alipokuwa mwanafunzi wa kazi alilala nao siku mbili. Alitumia bomba la ekzosi la chuma cha kawaida, na kona akaziunga kwa viwiko vilivyopindwa kwa mashine, si kwa kukata pembe. Chuma kisichoshika kutu kingedumu zaidi, lakini mfuko wa Mzee ulikuwa umekwisha kusema basi.

Kulikuwa na jambo la raba. Fundi wa zamani, yeyote aliyekuwa, alikuwa amelifunga bomba kwa waya wa chuma moja kwa moja kwenye bodi, likakaa kama limepigiliwa. Injini hutikisika ikiguruma. Bomba lisipoweza kutikisika nayo, huvunja kile kilicho dhaifu, yaani kiungo cha mbele au manifodi. Raba mpya ziliachia bomba licheze kidogo. Kijana alipitisha vidole viwili kati ya bomba na kila kitu kilicho karibu: sakafu, mtaimbo wa difu, waya wa breki ya mkono. Palipopita kidole kimoja tu, alishusha akarekebisha.

Mwishowe akageukia mlango wa nyuma. Mpira wa zamani ulikuwa mgumu kama ganda la muhogo. Akaweka mpya, akafungua taa za nyuma akazipa gasketi, akaziba matundu mawili ya sakafuni ambayo hakuna aliyejua yalikuwa ya nini. Kisha akaweka noti ya shilingi elfu moja kwenye ukingo wa mlango, akaufunga, akaivuta. Ilipotoka kwa urahisi alirekebisha kitasa. Alizunguka mlango wote kwa noti ile. Mwenye noti alikuwa mimi, na nilirudishiwa.

KUJARIBU

Injini ilipowashwa, bado baridi, kijana alimwambia msaidizi wake azibe mkia wa bomba kwa tambara bichi kwa muda mfupi tu. Yeye akapitisha sikio karibu na kila kiungo, na brashi ya maji ya sabuni. Mahali pamoja, kwenye klampu ya kati, povu lilifura. Akazima, akafungua, akasugua kwa msasa, akafunga. Mara ya pili povu lilitulia. Unaweza kulifanya hilo wewe mwenyewe nyumbani, msomaji, uwanjani penye hewa, injini ikiwa baridi. Usilifanye kamwe ndani ya gereji iliyofungwa milango.

Sauti ilikuwa nzito na ya chini, nami nilimwona Mzee akigeuka upande ili tusimwone uso.

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena Kibaha, mimi nikiwa kwenye kile kiti cha pili. Vioo tulivifunga, tukafungua matundu ya hewa ya mbele. Jasho lilitutoka kuanzia Kimara, na nilikuwa nikijisikiliza kichwa njia nzima kama mtu anayengoja hodi. Hakikuuma. Yule mjukuu mdogo alikuja nyuma yetu na bibi yake kwa daladala. Mzee alikuwa amekwisha kusema kwamba nyuma ya viti hatakaa mtoto tena, bomba likiwa jipya au kuukuu. Mtoto alilia kidogo kwa hilo, kisha akapewa kiti cha dirishani.

Tulipoegesha nyumbani kwa shangazi, gari likapoa, Mzee akatoa spana mfukoni kama alivyoagizwa. Baada ya moto wa kwanza gasketi mpya hulala, na nati hulegea. Mbili kati yake zilikubali robo ya mzunguko.

Mtoto alisimama kando akishika taa.